Kadi mama za simu hazisagwi kama malakiti (kumbukumbu ya mradi, Lubumbashi)

Kundi la sasa ni kilo 6 za kadi mama (bodi za saketi) za simu na kompyuta, kutoka kwa mafundi wa Kenya na Katuba, mitaa ya Lubumbashi. Tunatafuta poda chache inayowakilisha kilo zote 6, maabara ipime shaba, risasi, bati, dhahabu na fedha.

Kuvunja kumekwisha. Betri zilitangulia kutoka, hata zile ndogo za mviringo, kwa sababu lithiamu ikikatwa na kisu cha mashine huwaka. Zikafuata alumini za kupoza na kapasita kubwa. Kila kilichotolewa kilipimwa na kuandikwa. Bila hivyo, asilimia itakayorudi haitajulikana ni ya kadi nzima au ya kadi iliyopunguzwa.

Kadi zilikatwa kwa mkasi wa bati hadi vipande vya sentimita 2, kisha mashine ya visu yenye chujio la mm 4, halafu la mm 1. Visu, si kinu cha pete, kile kinachosaga kwa pete nzito za chuma. Mjini hapa kazi ya sampuli imezoea mawe: malakiti, jiwe la kijani lenye shaba, hupondwa, ikatiwa kwenye pete, na muda mfupi tu ni unga wa mikroni 75 (mm 0.075). Shaba ya kadi ni metali tupu, haivunjiki. Hubanwa ikawa bapa kama jani, na ukizidisha kuzungusha hujibandika kwenye kuta za kinu. Nyuzi za kioo na resini (plastiki ngumu inayozishika) husagika zikapita chekeche. Shaba hubaki juu. Anayetupa mabaki hayo anatupa kile kile anachokitafuta.

Tuseme gramu 1000 zimetoa gramu 820 za unga wenye shaba 14%, na gramu 180 za mabapa yenye shaba 70%. Shaba yote ni 114.8 + 126 = gramu 240.8, yaani 24.1%. Ukipima unga peke yake utaandika 14%. Ndiyo maana unga na mabapa vina mifuko tofauti, kila mmoja na uzito wake.

Saga kidogo kidogo, gramu 200 kwa sekunde 30, kisha acha ipoe. Resini ikipata moto hulainika, huziba chujio na kutoa moshi wa bromini usiofaa kuvutwa. Mashine ikizimwa, subiri vumbi litue ndipo ufungue: lina risasi, mara nyingine berili, na pia ni sehemu ya sampuli. Barakoa ya vumbi laini, si kitambaa. Kati ya makundi tunasaga mchanga safi wa silika kusafisha visu.

Kugawa kwa kijiko hakufai hata kidogo, maana mtikisiko hushusha metali chini na kuacha nyuzi juu. Tunatumia kigawanyio cha mifereji, kinachogawa unga nusu kwa nusu, mara kwa mara, hadi gramu 100.

Maagizo kwa maabara: maji ya kifalme, sehemu 3 za asidi hidrokloriki kwa 1 ya nitriki, na gramu 10 au zaidi kwa kila kipimo cha dhahabu. Gramu 0.5 ni ndogo mno, chembe moja ya dhahabu inaweza kupindua jibu. Fedha ipimwe kwa njia nyingine, kwani ndani ya maji ya kifalme hugeuka kloridi nyeupe ikazama.

Kinachofuata ni kugawa upya unga uliobaki na kuupeleka maabara kwa namba nyingine ya sampuli, tuone majibu mawili yanaachana kiasi gani.