Siku Moja Studioni Mombasa: Kupiga Picha za Mtindo wa 1960

Saa 12 asubuhi

Siku huanza na maji. Dawa ya kusafishia mkanda wa filamu inataka nyuzijoto 20, na wakati wa kaskazi maji ya bomba ya Mombasa hupita 28 bila aibu. Kwa hiyo lita 3 za maji ya kunywa hutiwa frijini, na chupa 2 zilizogandishwa tangu jana huwekwa tayari. Maji ya kisima hayatumiki kabisa: yana chumvi, na chumvi ikikaukia juu ya mkanda huacha madoa meupe.

Mikanda 2 ya Ilford HP5, filamu ya picha zisizo na rangi, saizi ya 120, hutolewa frijini saa hii hii, ikiwa bado kwenye karatasi yake. Inahitaji saa 2 ipate joto la chumba. Ukiifungua ingali baridi, unyevu wa hapa utaitoa jasho, na jasho hilo utaliona baadaye kwenye shavu la mteja kama ndui.

Saa 2

Nguo. Hapa ndipo picha nyingi za kuiga zamani huharibikia, kwa kuwa watu huchanganya miongo. Bugaluu na raizoni ni mambo ya 1970. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 suruali ilikuwa nyembamba, tai ya sentimita 5, na gauni lilibana kiunoni likamwagika hadi gotini. Ukipekua mitumba Kongowea, tazama zipu kwanza. Ya chuma, tena ya ubavuni, ni dalili nzuri. Ya plastiki, yaelekea nguo ni ya juzi.

Leso ndiyo husumbua zaidi. Leso nyekundu yenye maua ya kijani inapendeza dukani Biashara Street, lakini kwenye picha isiyo na rangi, wekundu na kijani vya uzito mmoja hugeuka kijivu kimoja, na maua yote yakapotea. Jaribu kwa simu: iweke kwenye picha nyeusi na nyeupe, tandaza leso dirishani, tazama. Yenye weupe au weusi wa kutosha kwenye mji na pindo husimama yenyewe. Na jina la leso lilale mapajani lisomeke, lisiingie kwapani. Mtu wa Mombasa atalisoma kabla hajatazama sura.

Saa 3

Pazia moja la mauamaua, upana mita 2.5. Seydou Keïta, mpiga picha wa Mali aliyefungua studio Bamako mwaka 1948, alianza na shuka lake la kitandani, akawa anabadilisha pazia kila baada ya miaka 2 au 3. Baadaye mapazia hayo ndiyo yaliyomsaidia kujua picha gani ni ya lini. Kiti hukaa mita 1.5 mbele ya pazia. Kikisogea nyuma zaidi, kivuli cha mtu huangukia ukutani kama mwizi.

Taa ni moja, LED ya wati 60 yenye bakuli la bati, bila kitambaa cha kuilainisha. Wapiga picha wengi wa siku hizi huogopa taa kali, nami naona ndiyo sababu picha zao hazifanani na za kale hata wakivalisha watu suti za babu zao. Taa huwekwa juu ya kichwa, upande, kama nyuzi 45, hadi kivuli cha pua kishuke kuelekea pembe ya mdomo bila kuugusa. Upande wa pili manila nyeupe hurudisha mwanga kidogo.

Saa 4

Mteja wa leo ni bi mkubwa aliyeletwa na mjukuu wake.

"Shikamoo, nyanya."

"Marahaba, mwanangu. Ntacheka au nsicheke?"

"Usicheke kwanza, nyanya. Kaa mbele ya kiti, usiegemee. Mabega yaelekee dirishani, uso uje kwangu."

Hiyo ndiyo siri ya mkao wa studio za zamani, zikiwemo za hapa mjini kama ile ya N. V. Parekh: mwili upande, uso mbele, mikono ipewe kazi. Mkono usio na kazi huvimba kwenye picha. Mpe pochi, au ukingo wa leso aushike.

Kamera ni Yashica Mat, ya lenzi 2 na kioo cha kutazamia kwa juu, picha 12 kwa mkanda. Kiooni mambo yamegeuzwa: ukisogeza kamera kulia, sura nayo hukimbia kulia. Lenzi ya juu hutazama, ya chini hupiga, basi kwa karibu hukata vichwa. Acha nafasi ya vidole 4 juu ya kilemba. Mwanga upimwe kidevuni, kipimio kikielekea kamera. Ukipima mwanga unaorudi kutoka kwenye kanzu nyeupe, uso mweusi utazama gizani. Leo ni sekunde 1/60, tundu la lenzi f/5.6.

Saa 7 mchana

Viazi karai, na mikono ioshwe vizuri. Mafuta na ukwaju havipatani na mkanda.

Saa 8

Chumba cha giza. Mkanda huingia tangini na dawa ya kuusafishia, ID-11: mililita 250, maji 250, nyuzijoto 20, dakika 13. Pindua tangi sekunde 10 mwanzo wa kila dakika. Chupa za barafu huzunguka tangi ndani ya beseni; barafu isitiwe ndani ya dawa, itaizimua. Siku ya joto lisiloshikika, fanya nyuzijoto 24 kwa dakika 9, na usipande zaidi. Kisha asidi ya kusimamisha, kisha dawa ya kukazia, 1 kwa maji 4, dakika 4.

Kosa kubwa la hapa huja kwenye suuza: mkanda ukitoka kwenye dawa ya 20 ukaingia maji ya bomba ya 30, ute wake huweza kujikunja kama ngozi ya mkono uliofua kutwa. Hapo hakuna dawa.

Saa 11 jioni

Kuosha picha: sentimita 9 kwa 9, kingo nyeupe, sekunde 60 kwenye dawa. Mjukuu anauliza kama zinaweza kutoka za manjano, zenye mikwaruzo, "zikae za kizamani". Zinaweza. Lakini picha ya nyanya yake ya 1962 haikutoka studioni ya manjano. Ilitoka safi, nyeusi kweli na nyeupe kweli. Umanjano mara nyingi uliletwa na dawa ya kukazia isiyosuuzwa vizuri, ikakutana na unyevu wa pwani ndani ya albamu. Aliondoka na zile safi, kingo zimekatwa kwa mkasi wa meno.

Saa 1 usiku

Kamera hufungiwa ndani ya kopo lenye chembe za silika za kunyonya unyevu, la sivyo ukungu huota kati ya vioo vya lenzi. Chembe zikibadilika rangi, zikaushwe ovenini, nyuzijoto 120, saa 2.