Tela lililokuwa likiyumba mteremko wa Kitonga

Tukitoka Iringa, tukishuka Kitonga, tela letu la kupigia kambi, kilo 1,200 na mizigo yake, lilianza kuyumba hadi usukani wa pikapu ukacheza mikononi. Nikaachia mafuta polepole bila kukanyaga breki kwa nguvu, likatulia. Chini tukakuta dramu za breki za tela zinanuka kuungua.

Nyumbani nikaweka kiungio cha mbele cha tela, kile kinachoshikana na gari, juu ya mzani wa magunia: kilo 40 tu! Kumbe jenereta na mapipa mawili ya maji tuliyapakia nyuma ya ekseli. Nikayasogeza mbele mpaka mzani ukasoma 110, yaani kama asilimia 9 ya uzito wote. Kuyumba kukaisha.

Zikabaki breki. Zile za mwanzo zilijibana kila tela liliposukuma gari, hivyo mteremko mrefu zilisugua bila kupumzika. Nikafunga za umeme: sumaku ndani ya dramu, swichi ya kuzikaza karibu na usukani. Tela likicheza, naibonyeza swichi hiyo, breki za gari naziacha, linanyooka. Na waya wa dharura usiusahau, ule unaofunga breki tela likichomoka. Sasa Kitonga nashuka kwa gia ya pili, mke wangu kasinzia kando.