Nilivyotoa hesabu za duka kwenye kompyuta kuukuu kabla haijatufia

Ushauri mbaya kuliko wote niliowahi kupewa kuhusu kompyuta ni huu: "Dada, mashine ikifanya kazi, usiiguse." Niliusikia kwa fundi, nikausikia kwa majirani wetu wa Kirinyaga Road, Nairobi, tunakouza spea za magari, na mzee mwenye duka akaushika. Ulinikera sana, maana mimi ndiye niliyekuwa nakaa mbele ya mashine hiyo kutwa.

Ilikuwa na Windows 7, ambayo Microsoft iliacha kuitolea masahihisho ya usalama tarehe 14 Januari 2020. Ndani yake mlikuwa na programu ya stoo na madeni iliyoandikwa miaka ya tisini, na aliyeiandika hapatikani tena. Kila stima ikipotea, saa ya kompyuta ilirudi nyuma miaka mingi, basi deni la jana likaonekana kuukuu kuliko la mwaka uliopita. Hilo lilitibiwa na betri ndogo ya CR2032, pesa kidogo tu. Mengine hayakuwa na betri. Chrome, programu ya kuingilia intaneti, iliishia toleo la 109 kwenye Windows 7. Tangu 1 Januari 2024 mteja mwenye biashara anadai risiti ya eTIMS, mfumo wa risiti za kielektroniki wa KRA, mamlaka ya kodi ya Kenya, kwa sababu bila hiyo KRA haimkubalii gharama. Programu yetu haikuijua eTIMS kabisa, kwa hiyo kila mauzo tuliyaandika mara mbili, kwenye mashine kisha kwenye simu.

Wengine walisema, "Iondoe tu kwenye intaneti, utakuwa salama." Na flashi zinazoingia kutoka saiba kila siku je? Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilifunga mafaili ya watu katika nchi zaidi ya 150, kikavuruga hata hospitali za Uingereza, na nyingi ya kompyuta kilizozipata zilikuwa za Windows 7. Dawa yake Microsoft ilikuwa imeitoa Machi mwaka huohuo. Mashine yetu ilikuwa imefika mahali ambapo dawa ikitoka, yenyewe haipewi.

Mzee alipokubali, fundi alileta kompyuta ya Windows 11, akanakili folda nzima ya programu, akabofya. Ikakataa. Akajaribu kuilaghai ijione iko kwenye Windows ya zamani, ikakataa. Akaisakinisha upya hadi maduka yakafungwa. Hakuna alichokuwa anakosea kwa mikono. Kazi yenyewe haiwezekani. Programu ile ilikuwa ya biti 16, muundo wa kizamani, Windows ya biti 64 haiendeshi programu za namna hiyo, na Windows 11 haina toleo jingine. Tukajaribu kufungua mafaili yake kwenye Excel, zikatoka alama zisizosomeka. Fundi akapendekeza tuajiri vijana waandike kila kitu upya kwa mkono. Maelfu ya namba za spea! Nilikataa.

Nikafikiri hivi: programu hii haitaki kutoa data, lakini kuchapisha ripoti inajua. Basi iache ichapishe. Ndani ya Windows kuna printa isiyo na mwili, jina lake Generic / Text Only. Unaiongeza kama printa ya kawaida, na penye kuchagua poti, yaani mahali chapisho linakopelekwa, unachagua FILE. Nikaifanya ndiyo printa kuu, nikaiambia programu ichapishe ripoti ya stoo yote. Badala ya karatasi, Windows ikaniuliza jina la faili. Nilipolifungua, maandishi safi, safu kwa safu! Niliita duka zima waje waone.

Vichwa vya kurasa vilijirudia katikati ya orodha. Nilipanga mistari kwa alfabeti, vichwa vyote vikakaa pamoja, nikavifuta mara moja. Hatari ilikuwa kwenye namba za spea. Namba za brekipedi za mbele za Toyota zinaanza na 04465, na sisi tunaziandika bila kistari. Excel inadhani ni hesabu, inakula sifuri ya mbele. Safu hiyo lazima uiambie ni maandishi kabla ya kuingiza, si baada. Kisha nikajumlisha safu ya thamani na kulinganisha na jumla iliyo chini ya ripoti. Zililingana hadi senti, na hapo ndipo niliamini.

Ukienda kununua mashine Moi Avenue, usidanganywe na bei. Windows 10 nayo iliachwa tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inataka TPM 2.0, yaani chipu ya usalama, na, kwa Intel, prosesa ya kizazi cha nane kwenda juu. Yetu ni ya mtumba kutoka ng'ambo, elfu ishirini na kitu. Diski ya zamani niliing'oa kabla kasha halijauzwa, kwa sababu ina majina, simu na madeni ya wateja.

Sasa majirani wananiita niwafanyie na wao. Ninachokitoa kwanza ni orodha ya madeni. Stoo hata ikipotea, utapanda ngazi uihesabu rafu kwa rafu. Deni lililopotea halina rafu, na mdaiwa hatakuja kukukumbusha.