Nilivyochagua prosesa laini ya kifaa chetu: leseni kwanza, kasi baadaye

Mkataba wa mteja wetu, ambaye ni kiwanda, ulikuwa na kifungu kimoja kilichonisumbua kuliko mahitaji yote ya kiufundi: tutakihudumia kifaa na kutoa vipuri kwa miaka kumi. Kifaa chenyewe kinapima ubora wa umeme wa fezi tatu. Kinasoma volti na ampea za fezi zote kwa wakati mmoja, kinachambua hamoniki (mawimbi ya ziada yanayochafua umeme), kinaandika kwenye kadi ya SD na kujibu kompyuta ya kiwanda kwa Modbus, itifaki ya mawasiliano ya mitambo. Usomaji na hesabu nzito tulishaziweka ndani ya FPGA, ile chipu ambayo saketi zake unaziandika mwenyewe kwa lugha kama VHDL au Verilog. Zilizobaki ni skrini, kadi na Modbus, kazi za programu ya C, na programu ya C inataka prosesa.

Wenzangu waliuliza kwa nini tusiweke maikrokontrola, chipu ndogo yenye prosesa yake, pembeni. Swali zuri. Lakini ilikuwa 2022, chipu zimeadimika duniani kote, na kila chipu mpya kwenye bodi ilikuwa foleni nyingine ya kupanga. FPGA ilikuwa na nafasi ya kutosha. Prosesa laini hujengwa kwa saketi za FPGA yenyewe, kwa hiyo haiongezi kitu kwenye bodi, na kinadharia unaweza kuihamishia kwenye chipu nyingine. Hilo neno "kinadharia" ndilo lililonipeleka kwenye leseni.

Njia rahisi ni kuchukua prosesa ya mtengenezaji wa chipu. Xilinx, ambayo mwaka huo huo ilinunuliwa na AMD, walikuwa na MicroBlaze. Intel, waliomeza Altera mwaka 2015, walikuwa na Nios II, ambayo aina yake ndogo ni ya bure na ile ya kasi ni ya kulipia. Ile ya kulipia unaweza kuijaribu bila leseni, ila ukichomoa kebo ya kompyuta inafanya kazi kwa muda mfupi kisha inanyamaza. Zote mbili ni imara, zana zake zimekomaa na nyaraka zake ni nyingi. Tatizo lipo kwenye masharti: MicroBlaze unaruhusiwa kuitumia kwenye chipu za Xilinx tu, na Nios kwenye chipu za Altera tu. Sisi hatukuwa tumefunga uamuzi wa chipu; ambayo ingepatikana kwa wingi na kwa bei ya kueleweka ndiyo ingeshinda. Kufunga prosesa mapema kungekuwa kufunga chipu pia, na kwa miaka kumi.

Arm, wabunifu wa prosesa, nao walikuwa wameshafungua mlango kidogo. Mwaka 2018 walitoa prosesa zao za Cortex-M1 na Cortex-M3 kwa ajili ya FPGA za Xilinx, bila ada ya leseni wala mrabaha. Ukisikia "bila ada" ni rahisi kuishia hapo. Mimi niliendelea kusoma nikakuta kufuli ni lile lile, chipu za mtengenezaji mmoja, tena bila uhuru wa kurekebisha msimbo wa ndani.

Kuna kampuni nyingine, sitaitaja, iliyotutumia mkataba wa prosesa ya kulipia inayokubali chipu yoyote. Bei haikuwa mbaya sana. Kilichonikwaza ni kwamba leseni ilikuwa ya bidhaa moja. Ukitoa toleo la pili lenye jina jingine, unarudi mezani upya. Kwa kampuni ndogo inayobadilisha bidhaa kila mteja anapoomba jambo, hiyo ni kamba shingoni.

Nikageukia zilizo huria, na hapa ndipo nilipomhitaji wakili. Prosesa ya LEON3 ilinivutia kwa historia yake: inafuata orodha ya maelekezo ya SPARC V8, na ukoo wake ulianzia Shirika la Anga la Ulaya. Inatolewa kwa GPL, leseni inayotaka anayepewa nakala apewe na chanzo chake, na asiyetaka GPL hununua leseni ya kibiashara. Wakili wetu amezoea zaidi kesi za viwanja, lakini swali lake la kwanza lilikuwa ndilo lenyewe.

"Sasa mdogo wangu, mteja akinunua kifaa, anaondoka na nakala ya huo msimbo au haondoki nayo?"

Nikamweleza kwamba usanidi wote wa FPGA, tunaouita bitstrimu, unakaa kwenye kumbukumbu ya flashi ndani ya kifaa. Kwa hiyo nakala anaondoka nayo, japo si ya kusomeka.

"Na uchambuzi wenu wa hamoniki umo humo humo?"

"Umo, wakili msomi. Vinaunganishwa kuwa kitu kimoja."

Akasema basi mwenye haki anaweza kudai kwamba kazi yote ni moja, na mteja apewe chanzo cha vyote. Mahakama ya hapa imeshaamua hivyo au la si swali alilotaka tuwe wa kwanza kulijibu. LEON3 tukaiacha kwa heshima zote.

Zikabaki prosesa za RISC-V. Wengi hudhani prosesa ikiwa ya RISC-V ni ya bure. RISC-V ni orodha ya maelekezo ambayo prosesa huyaelewa; kilicho wazi kwa wote ni orodha hiyo na jinsi maelekezo yanavyoandikwa. Sarufi ni ya wote, lakini kila kitabu kina mwenyewe. Kila prosesa ina leseni yake, na jina RISC-V lenyewe ni alama ya biashara yenye masharti ukitaka kulichapa kwenye boksi. Sisi hatukulichapa.

PicoRV32, iliyo chini ya leseni ya ISC, ambayo kama MIT na BSD haidai utoe chanzo, ni ndogo ajabu, ila hutumia wastani wa mizunguko minne hivi ya kloki kwa kila elekezo. Ibex ya lowRISC iko chini ya Apache 2.0, leseni ambayo wakili aliipenda kwa kuwa inataja hataza waziwazi. VexRiscv, ya leseni ya MIT, ndiyo iliyoshinda shindano la prosesa laini za RISC-V mwaka 2018, na kwa kasi ingetutosha na kubaki. Lakini imeandikwa kwa SpinalHDL, inayokaa juu ya lugha ya programu ya Scala, na ofisini kwetu hakuna anayeisoma Scala. Verilog inayotoka humo ni ya mashine, si ya binadamu kurekebisha saa nane za usiku.

Tulichukua NEORV32. Imeandikwa kwa VHDL, lugha tunayoitumia kila siku, leseni yake ni BSD ya vifungu vitatu, na inakuja na milango ya mawasiliano ya UART na SPI, na njia ya kufuatilia hitilafu za programu kwa zana ya GDB. Si ya kasi kuliko zote. Haikuhitaji kuwa, maana hesabu nzito ziko nje yake, na Modbus kwa MHz 50 haina haraka.

Kabla ya kukubali, nilijenga muundo ule ule kwenye bodi mbili, moja ya Artix-7 ya Xilinx na nyingine ya ECP5 ya Lattice. Kilichobadilika ni kizalishaji cha kloki na orodha ya pini tu. Prosesa haikufika robo ya chipu kwenye bodi yoyote. Jaribio hilo lilinishawishi kuliko jedwali lolote la kasi.

Kazi ya karatasi iliendelea. BSD inataka tamko la hakimiliki lionekane kwenye nyaraka, kwa hiyo mwongozo wa mtumiaji una kurasa za matamko: la prosesa, la FreeRTOS, mfumo mdogo wa uendeshaji ulio chini ya leseni ya MIT, na ya maktaba ya C na ya mafaili ya kadi. Kompaila ya GCC, inayogeuza C kuwa maelekezo ya prosesa, ni GPL, lakini maktaba zake za ndani zina msamaha maalumu, hivyo programu yako haivutwi ndani ya GPL. Toleo la NEORV32 tulilojaribu, pamoja na kompaila yake, vimehifadhiwa kwenye diski mbili, maana leseni huria haimlazimishi mtu kukutunzia faili. Dhamana hakuna: kikiharibika hakuna wa kumshitaki. Mkurugenzi aliliuliza hilo mara kadhaa, na jibu langu lilikuwa kwamba gharama ya leseni tuliyookoa iende kwenye majaribio. Alikubali, si kwa furaha.

Mwaka uliofuata Intel walitangaza kuisitisha Nios II na kuwaelekeza watu kwenye Nios V, na AMD wakatangaza MicroBlaze V. Zote mbili ni RISC-V, ila kufuli la chipu halikuondoka. Wenye Nios II wanakompaili upya na kuandika tena walichoandika kwa asembli.

Sasa mteja anaulizia ukurasa wa wavuti ndani ya kifaa, na kuna anayetaja Linux. NEORV32 haina kitengo cha kusimamia kumbukumbu ambacho Linux ya kawaida hukihitaji. VexRiscv inaweza kuwa nacho. Leseni yake wakili ameshaisoma. Kijana mmoja wa ofisini ameanza Scala.