Leo nimeieleza barabara yetu kwa Kiingereza

Ndugu zangu wa Goma, leo nina furaha. Kila mwalimu wangu wa Kiingereza akiniuliza watu wa kwetu wanavukaje barabara, nilikuwa najibu neno moja: vibaya. Jana jioni nikasimama karibu na rompuwe (mzunguko wa barabara) ya Chukudu, nikatazama tu. Mama mwenye beseni kichwani anainua mkono, motari, dereva wa pikipiki ya abiria, anapunguza mwendo. Chukudu, ile skuta ya mbao ya kubebea mizigo, ikijaa mifuko ya makaa haiwezi kusimama ghafla, basi wote wanaipisha. Mtaani kwangu mistari myeupe ya kuvukia imefutika, na watoto wa shule wanapita palepale. Hilo linaniuma sana. Leo nimeyasema yote, dakika mbili nzima, bila karatasi. Vitenzi vya wakati uliopita bado vinanisumbua, lakini mwalimu ameniuliza: yule mama alivuka salama?