Lugalo Juu ya Meza ya Fundi

Hakuna aliyetaka kuwa Nyundo. Mwalimu alipouliza nani ataongoza upande wa Wajerumani katika mchezo wetu wa vita wa mezani, Fundi akajifanya anatafuta gundi, na Sista, ambaye ni muuguzi na mtu wa Kalenga, yaliyokuwa makao ya Mkwawa, chifu wa Wahehe, akasema kwao wakisikia hawatamwelewa. Wengine wakawa kimya. Mwishowe Sista huyohuyo akaninyooshea kidole. "Mngoni yupo, mnahangaika nini? Hawa tumeshapigana nao tangu enzi za mababu. Mpeni yeye bunduki." Karakana nzima ikacheka, na suala likaishia hapo. Mtani akishasema, umeshasemwa.

Ilikuwa Agosti 2016, mwezi ambao vita ya Lugalo, ile ya Wahehe na Wajerumani, ilitimiza miaka 125. Sisi tulikuwa kikundi kidogo cha watu wazima tuliokutana Jumamosi kwenye karakana ya useremala ya Fundi, Kihesa, kucheza michezo ya mezani. Tulianza na bao na drafti kama kila mtu. Kisha mgeni mmoja aliyekuwa amejitolea kufundisha hapa Iringa, akirudi kwao, akamwachia Mwalimu boksi la Catan, ule mchezo uliotoka Ujerumani mwaka 1995, wa kujenga makazi na kubadilishana mbao, udongo, ngano, kondoo na mawe. Baada ya hapo Jumamosi ikawa haiguswi. Vipande vilivyopotea Fundi alivichonga upya kwa mninga, vikatoka vizuri kuliko vile vya kiwandani, na hadi leo mtu akiketi kwetu mara ya kwanza hugombea hivyo.

Mwalimu anafundisha historia sekondari, na michezo ya vita ndiyo iliyokuwa ikimkosesha usingizi. Alitueleza kwamba mwaka 1824 afisa mmoja wa Prussia, Luteni Reisswitz, alitoa kanuni za mchezo wa vita unaochezwa kwa ramani, dadu na refa. Kila upande unakaa mbali na mwenzake na unaona kile tu ambacho refa amekubali uone, kama ilivyo kwa jemadari vitani. Jeshi la Prussia likauchukua likawafundishia maafisa wake. Emil von Zelewski, aliyeongoza kikosi kilichokuja kuwaadhibu Wahehe na ambaye wenyeji walimwita Nyundo, alitokea katika jeshi hilohilo. "Kwa hiyo tutampima kwa mizani ya kwao," Mwalimu alisema, akafungua daftari lake la kanuni alilokuwa ameliandika kwa mkono usiku na usiku.

Maandalizi yalituchukua muda, na kwangu hiyo ni sehemu ya raha yenyewe. Fundi aliunganisha mbao mbili ndefu zikawa meza moja. Milima aliitengeneza kwa ile povu nyeupe inayokuja kwenye boksi la televisheni, akaipaka gundi, akanyunyizia vumbi la msumeno lililotiwa rangi ya kijani na kahawia. Vichaka vilikuwa vipande vya brashi ya kusugulia nguo. Njia aliichora nyembamba, upana wa kizibo kimoja tu, na hilo Mwalimu alilisisitiza mara nyingi: kikosi kile kilikuwa kikitembea kwa mstari, mtu nyuma ya mtu.

Mimi nina duka la pembejeo, kwa hiyo jeshi lilitoka kwangu. Kila kipande kilisimama badala ya watu kumi. Askari 320 wakawa vizibo 32 vya soda nilivyovipaka rangi ya khaki. Wapiganaji wa Mkwawa, ambao hutajwa kuwa kama 3,000, wakawa maharage 300 ya njano, niliyoyachambua moja moja ili yasiwe na kovu. Wapagazi 170 wakawa punje 17 za mahindi ya mbegu, yale yaliyopakwa dawa ya rangi ya waridi. Niliyachagua kwa sababu yanaonekana kutoka mbali, na kwa sababu nilijua mtoto wa Fundi atakuwepo na mahindi ya kawaida yangeishia mdomoni mwake. Nilimwonya ile ni sumu, anawe mikono mchezo ukiisha.

Kijana huyo alikuwa darasa la sita wakati ule. Hakuwa na kazi, akawa anazunguka meza na kugusa kila kitu, hadi Mwalimu akamwambia: "Wewe utawasogeza wapagazi. Mstari ukienda, nao wanaenda." Akavuta kigoda akakaa.

Siku yenyewe palikuwa na baridi ya Iringa inayoingia kwenye viungo, na Fundi aliwasha jiko la maranda katikati ya karakana. Sista na msaidizi wake walikaa uani na ramani yao. Mimi nilibaki mezani na vizibo vyangu, maharage siyaoni. Mwalimu alikuwa anapita kati yetu na daftari, uso hauonyeshi kitu.

Niseme ukweli wa ile hali, maana ndicho kilichonifanya niandike. Shuleni Lugalo tulifundishwa kwa mistari miwili: tarehe 17 Agosti 1891 Wahehe waliwashinda Wajerumani, Zelewski akauawa. Unakariri, unajibu mtihani, basi. Kambi ya jeshi kule Dar es Salaam inaitwa Lugalo, basi la Dar linapita karibu na pale palipopiganiwa, na wengi wetu tunapita tumelala. Mezani hukariri. Mezani una vizibo 32 vilivyonyooka kama uzi kutoka ukingo huu hadi karibu na ule, na unajua fika, kwa sababu historia umeisoma, kwamba watu wako vichakani. Lakini hujui kichaka kipi, wala zamu ipi.

Nilituma vizibo viwili kilimani kushoto. Mwalimu akatoka, akarudi. "Hawajaona kitu." Nikatuma viwili kulia, kwenye majabali. "Hawajaona kitu." Kila nilipotuma watu pembeni mstari ulilazimika kusimama kuwasubiri, na kanuni zilinibana: jua likizama sijafika kambini, nimeshindwa. Mizinga midogo na bombomu nilikuwa nazo, lakini zilikuwa zimefungwa mizigo kama zilivyokuwa siku ile, na kuzifungua ni zamu mbili. Nikafanya alichofanya Zelewski. Nikasema twende.

Na hapa ndipo Sista alipoonyesha kipaji ambacho hadi leo nakiheshimu. Baadaye alinionyesha karatasi yake. Kichwa cha mstari wangu kilikuwa kimepita mbele ya maharage yake zamu nzima, umbali wa hatua chache, na hakugusa kitu. Mwalimu alimuuliza mara mbili kama anataka kutoa ishara, akajibu bado. Zamu ya tatu bado. Msaidizi wake alikuwa anamsihi apige, wasije wakaonekana, naye akamwambia, "Nyamaza, mkia haujaingia." Wanaosema Lugalo ilikuwa bahati, au kwamba watu wengi tu waliwazidi watu wachache, wangekaa pale uani wakamwona. Mpangile, nduguye Mkwawa aliyeongoza shambulio lile, ilimbidi awashike maelfu ya watu vichakani wakiwa kimya, mbele ya adui aliyekuwa amechoma vijiji njiani, wasitoke hadi bunduki moja ilie. Kulitaja hilo ni rahisi. Kulifanya hata kwa maharage, na watu wako wanakunong'oneza sikioni, kulimtoa Sista jasho kwenye baridi ile.

Mlango ukafunguliwa, Mwalimu akasema neno moja tu: "Risasi."

Sista aliingia na ungo. Aliyapanga maharage pande zote mbili za njia, kwa mkono wa haraka wa mtu aliyezoea kuhesabu vidonge, na yaligota kwenye mbao hadi njia haikuonekana tena. Yaligusa vizibo vyangu. Kanuni zilinipa mpigo mmoja tu kabla ya mikuki kufika, kwa sababu siku ile askari wengi hawakupata nafasi ya zaidi ya risasi moja au mbili. Nilirusha dadu kwa kila kizibo. Maharage machache yakaondoka. Nafasi zao zikajazwa na mengine, na zamu iliyofuata vizibo vyangu vikaanza kuvuliwa kutoka katikati kwenda pande zote mbili.

Nilikuwa na neno langu la pembeni ambalo sikulisema kwa sauti. Sehemu ya askari wa Wajerumani wa miaka ile walikuwa Wasudani, na sehemu walikuwa watu waliochukuliwa Msumbiji, walioitwa Wazulu. Sisi Wangoni asili yetu ni kulekule kusini kwa Wazulu. Kwa hiyo vizibo kadhaa vya khaki vilivyokuwa vinatupwa kwenye kopo la rangi vingeweza kuwa ndugu wa mbali wa babu yangu, waliokuja kufia Uhehe kwa mshahara wa Mjerumani.

Mkia ulinusurika, kama ulivyonusurika ule wa Luteni Tettenborn. Sista alisubiri sana lakini si kwa ukamilifu. Nilikuwa napanga namna ya kuwarudisha nyuma niliposikia ubishi upande wa pili wa meza.

Kanuni ya wapagazi ilikuwa fupi: kizibo kilicho mbele yao kikiondolewa, nao wanaondolewa. Kijana wa Fundi alikuwa amezikusanya punje zote kiganjani na kurudi nyuma hatua mbili.

"Rudisha, hao wamekufa," Mwalimu alimwambia.

"Hawajafa, Mwalimu. Wametupa mizigo, wamekimbia."

"Kanuni inasema wanaondoka na kikosi."

"Kwa nini wakae na kikosi? Hawana hata bunduki."

Fundi akataka kumkemea mwanawe, akamwita aache utundu. Sista akamzuia. Alikuwa ameinama juu ya meza na maharage mkononi. "Mwache. Mimi vijana wangu wanataka bunduki na yule Nyundo. Mtu aliyebeba gunia la mchele la mwenzake, nimfukuze hadi wapi?"

Mwalimu alisimama muda. Kisha akafungua mwisho wa daftari, mahali alipokuwa ameandika hesabu za siku ile kutoka vitabuni: Wazungu 10 waliokufa, askari kama 250, wapagazi 96. Akaisoma ile 96 mara mbili. Waliokuwepo ni 170. "Basi sabini na kitu walitoka," akasema, "na mimi sijawapa njia ya kutoka."

Palepale tukatunga kanuni mpya, sote tukisema kwa pamoja. Mpagazi anaweza kutupa mzigo. Akiutupa anarushiwa dadu: moja hadi tatu amekufa, nne hadi sita ametoka. Na akishatoka si wa upande wangu tena, siwezi kumrudisha mstarini abebe risasi zangu. Hiyo ya mwisho niliipendekeza mimi, ingawa ilinidhuru, kwa sababu mkia wangu ulikuwa unahitaji risasi.

Kijana alirusha dadu kwa kila punje. Hakuna aliyeendelea na mchezo, hata mimi niliyekuwa nashindwa. Iliyokufa aliiweka njiani, iliyotoka aliiweka ukingoni mwa meza, akiisukuma kwa ukucha hadi kwenye mstari aliouchora kwa chaki. Tisa zilifika. Akauliza zinakwenda wapi sasa. Mwalimu akamwambia pwani, huenda, kwa miguu, wiki nyingi. Kijana akasema basi wanahitaji chakula, na walikitupa.

Tulimaliza mchezo giza likiwa limeshaingia. Sista alishinda kwa mbali, akakusanya vizibo vyangu kama bunduki, maana katika vita yenyewe Wahehe waliteka bunduki zinazokadiriwa kufika 300. Aliniambia nisiwe na wasiwasi, Mngoni, mwaka 1894 Wajerumani watarudi na nitapata zamu yangu Kalenga.

Kweli tulikuja kuicheza Kalenga, miezi kadhaa baadaye, na boma la udongo ambalo Fundi alilifinyanga mwenyewe. Vikosi havijagawanywa bado, Sista akauliza ndani ya boma mlikuwa na akina mama na watoto wangapi, na wanatokea mlango gani ukuta ukivunjwa. Mwalimu hakuwa na jibu. Alifunga daftari, akatuambia tucheze Catan wiki hiyo, yeye kwanza anakwenda Kalenga kuwauliza wazee.