Rili ya Ndoto

Binti wa dada yangu alikuwa barazani akifuta rangi ya kucha kwa asetoni, harufu ikanifikia ndani nilikokuwa nikinywa chai. Ndiyo hasa harufu ya gundi ya filamu. Mara nikawa niko tena chumba cha mashine, Mombasa, Juni 1988, tunaunga Awaara, filamu ya Kihindi ya 1951, kwa ajili ya watu waliotaka kumuaga Raj Kapoor, nyota na mwongozaji wake.

Wenyewe walikuwa wazee wa Mji wa Kale na wa Kuze, pamoja na wake zao, watu walioiona filamu ile ujanani mwao na hawakuwahi kuiacha. Mwezi mzima walikuwa roho juu. Tarehe 2 Mei, Raj Kapoor alikuwa ukumbini Delhi kupokea tuzo ya Dadasaheb Phalke, tuzo kubwa ya sinema ya India, pumu ikambana, akashindwa kupanda jukwaani, ikabidi Rais wa India mwenyewe, R. Venkataraman, ashuke amfuate alipo. Kutoka pale akapelekwa hospitali. Tarehe 2 Juni akafariki, umri wake miaka 63. Siku zilizofuata wazee wakaja kwa meneja wa sinema. Meneja akawauliza kama wangependa hotuba, au picha yake ipambwe maua watu wasimame kidogo.

"Wewe tuonyeshe mchezo wake tu, bwana," akajibu mmoja wao, mzee wa kofia ya vito. "Lakini utuonyeshe wote."

Walikuwa na sababu ya kusema hivyo. Awaara ni karibu saa tatu. Sinema iliyotaka kubana maonyesho zaidi kwa siku moja ilikuwa ikiruka wimbo huu au ule, na mashabiki wakijua, maana nyimbo walizihifadhi kichwani hata wasiojua Kihindi. Tena kila mji filamu ilikopita, kulikuwa na mtu wa mashine aliyeondoka na fremu tatu nne, vipicha vya filamu, za Nargis, nyota wa kike wa mchezo, mfukoni. Kopi ikizunguka miaka, inarudi na mapengo. Na mapengo hayo hayaangukii popote tu. Yako mahali watu walipopapenda zaidi.

Kopi ililetwa kutoka Nairobi kwa treni ya usiku, ikafika asubuhi: rili 16 katika makopo ya bati, makopo ndani ya masanduku ya chuma. Tulipofungua kopo la kwanza tulipigwa na siki. Filamu ya asetati ikizeeka katika joto na unyevu hutoa harufu ile, na hapo ujue imeanza kusinyaa. Ikisinyaa, matundu ya pembeni yanasogeleana, hayalingani tena na meno ya magurudumu ya projekta. Jino linapanda ukingo wa tundu badala ya kuingia katikati, na ukingo unachanika. Tundu moja likichanika, la pili yake linabeba mzigo wa mawili.

Fundi mkuu hakuwa mtu wa kukagua kwa macho. Aliiweka rili kwenye meza ya kuzungushia, akashika kingo za filamu baina ya kidole gumba na cha shahada, akazungusha kwa mkono wa pili taratibu. Kila penye mchaniko kidole kilishtuka. "Macho yatakuambia picha nzuri," aliniambia, "na picha nzuri ndiyo inayokatika." Tundu lililochanika tulilikata mkato mdogo wa mviringo ili ncha isije ikanasa ndani ya mashine. Yakifuatana mengi mahali pamoja, tulibandika utepe wenye matundu pande zote mbili.

Kazi kubwa ilikuwa viungo. Kila mahali filamu ilipowahi kukatika kuna kiungo, na kila kiungo kimefanywa na mkono tofauti. Kuunga kwa gundi kunataka hivi: unakata juu ya mstari unaotenganisha fremu, upande mmoja unaacha ukingo wa milimita 2 hivi wa kulalia mwenzake. Ukingo ule unaukwangua kwa wembe mpaka utando wenye picha utoke wote na plastiki ibaki angavu. Upande wa pili unausugua mgongoni uondoe mafuta. Unapaka gundi mara moja tu kwa brashi, unagandamiza hapo hapo, unahesabu pole pole mpaka 15, unafuta iliyomwagika. Gundi ile haigandishi, inayeyusha. Vipande viwili vinayeyukiana na kuwa kimoja. Ndiyo maana ukibakisha utando, kiungo ni cha uongo, kwa sababu gundi haiumi utando. Kinashika mezani, kinastahimili ukikivuta, halafu kinaachia kikifika kwenye joto la taa. Ukizidisha gundi nako filamu inajikunja, na picha inapoteza ukali kila kiungo kinapopita. Chupa iliyokaa wazi katika hewa ya Mombasa huwa nzito na haifai tena. Sisi tulifungua mpya.

Rili tuliziunga mbili mbili, zikawa 8 kubwa, kila moja dakika 20 na kidogo. Ilituchukua mpaka usiku wa manane, na rili yenye ndoto tukaiweka ya mwisho, tukiwa na saa nzima mbele yetu kwa ajili yake peke yake. Wanaoijua filamu hawahitaji kuelezwa: Nargis yuko juu katikati ya mawingu, ngazi za kuzunguka, masanamu makubwa ya miungu, na Raj kule chini kwenye moshi na moto akitaka kupanda. Alikuwa hajatimiza miaka 27 alipoimalizia picha hii, ni steringi na ni mwongozaji kwa wakati mmoja, baba yake mzazi Prithviraj ndiye anayecheza baba yake hakimu, na mdogo wake Shashi ndiye Raj mtoto. Lakini ndoto ile ndiyo inayoonyesha ujasiri wake. Mtu mwingine angeogopa kusimamisha hadithi kwa dakika 9 ili aonyeshe kilicho ndani ya moyo wa mwizi.

Radhu Karmakar, mpigapicha wake, aliyapiga mawingu yale kwa weupe mtupu juu ya weusi mtupu. Kwa hiyo taa yetu nayo ilitakiwa iwe nyeupe. Taa ya kaboni ni njiti mbili zinazokaribiana bila kugusana, umeme unaruka baina yake. Ukiziacha zikaachana, mwanga unafifia na kucheza. Zikikaribiana mno zinafuka na kuchafua kioo cha nyuma. Njiti ya chanya inakwisha haraka kuliko mwenzake, na huwezi kuianza rili ya dakika 20 na njiti iliyobaki kipande. Jioni ya onyesho fundi mkuu alipangusa vioo vya taa zote mbili, akaweka njiti mpya kwa kila rili, hata zile ambazo siku nyingine tungezimalizia.

Watu walijaa mpaka ngazi. Akina mama walikaa juu balkoni na buibui zao, wengine na vikuba vya asmini, na harufu yake ilipanda mpaka kwenye vidirisha vyetu ikachanganyika na moshi wa kaboni. Ubao wa matangazo pale nje ulikuwa umevishwa asmini pia. Nusu ya kwanza ilikwenda bila tabu. Rili ikikaribia kuisha, nukta ya kwanza ikitokea pembe ya juu kulia ya picha, washa mota ya mashine ya pili. Zinapita sekunde 7 hivi, nukta ya pili, badilisha. Watazamaji hawakuona rili ikiisha wala ikianza, na ndivyo inavyotakiwa. Nyimbo za mwimbaji Mukesh ziliimbwa na ukumbi mzima. Baada ya mapumziko tukaingia kwenye ndoto.

Mawingu yalitoka meupe kweli. Nilikuwa kwenye kidirisha, fundi mkuu mkono juu ya mashine, anasikiliza. Kiungo kikipita getini, pale filamu inapopita mbele ya taa, kinatoa mlio, tak, na kila mlio ulipopita uso wake ulilegea kidogo. Vikapita vyetu vyote. Kisha, Nargis akiwa ameshaanza kucheza na sauti ya Lata Mangeshkar iko juu kabisa, kikaja kiungo cha zamani, kimoja ambacho kwa kidole kilikuwa laini na kwa kuvutwa kilishika. Hakikutoa mlio. Kiliachia ndani ya geti, skrini ikawa nyeupe tupu, na fundi mkuu akawa ameshaangusha kifuniko cha taa kabla sijageuka. Giza.

Hapo kuna mambo ya kufanya na yana mpango wake. Taa usiizime, iache iwake nyuma ya kifuniko, maana kuiwasha upya na kuituliza kunakula muda. Zima mota. Fungua geti, toa kipande kilichokwama. Vuta filamu kutoka juu kama mita moja na nusu, ipitishe kwenye magurudumu, iachie kitanzi juu ya geti na kitanzi chini. Hivi vitanzi ndivyo vinavyoiruhusu filamu kusimama fremu moja moja getini huku kwingine ikikimbia mfululizo. Cha chini usikikosee urefu, kwa sababu sauti ya kila fremu imeandikwa fremu 20 mbele ya picha yake, na kitanzi kikizidi au kikipungua midomo na maneno vinaachana. Kisha zungusha ncha raundi mbili kwenye rili ya chini, usiunge sasa. Mwenye mikono ya fundi mkuu, haifiki dakika 2.

Siku nyingine yoyote dakika 2 za giza ni miluzi, viti kupigwa, na "Fundi umelala!" Mimi nilishajikunja kusubiri. Badala yake nikasikia wimbo. Ulianzia juu, kwa akina mama. Walikuwa wakiimba na Lata, Lata akanyamazishwa na mashine yetu, wao hawakunyamaza. Mmoja alikuwa na sauti nyembamba iliyokwenda juu ya wenzake wote, na maneno mengine nina hakika hayakuwa Kihindi cha mtu yeyote, lakini lahani ilikuwa ile ile, na vidoko vya mkono vikishika mahali pa ngoma. Wanaume wa chini wakaingia katika kiitikio. Ukumbi mzima gizani, hakuna picha, hakuna spika, na wimbo unakwenda. Fundi mkuu alikuwa amepiga goti anapitisha filamu, na niliona midomo yake inafuata.

Alipoinua kifuniko, filamu ilianza sekunde 3 tu mbele ya pale ilipokatikia. Ukumbi ulikuwa umeshafika mbele sana. Akina mama wakaiacha beti yao katikati, wakarudi nyuma kumpokea Lata alipokuwa. Nimewahi kusikia watu wakipiga makofi sinema ikirudi, lakini kule kurudi nyuma kwa pamoja, bila mtu kuongoza, sijakusikia tena.

Yaliyobaki yalikwenda salama. Watu walipotoka, tuliirudisha rili ile mezani. Ile mita moja na nusu haikuwa imepotea, ilikuwa haijaonekana tu. Ila fremu 2, moja kila upande wa mkatiko, zilikuwa zimeungua pembeni, haziungiki. Fundi mkuu akazikata, akakwangua, akapaka gundi, akaunga kama inavyopasa.

Mzee wa kofia ya vito alikuwa amepanda ngazi na kusimama mlangoni. Aliziona fremu zile mezani, akamwomba fundi mkuu moja. Akasema ataiweka ndani ya msahafu wa babake.

"Siwezi, mzee wangu," fundi mkuu akamwambia, kwa heshima kabisa. "Nikikupa wewe, nitakuwa na neno gani la kumwambia yule aliyetoa zile nyingine?"

Akazitia fremu zote mbili kwenye bahasha, akaandika namba ya rili na mahali zilipotoka, akaiweka ndani ya kopo irudi Nairobi. Mzee alimshukuru kwa onyesho, akashuka.

Desemba 2024, Raj Kapoor alipotimiza miaka 100 tangu kuzaliwa, filamu zake 10 zilirudishwa kwenye majumba ya sinema India, zikiwa zimesafishwa, mkwaruzo hauonekani. Kazi kama ile inawezekana kwa sababu kuna mtu mahali fulani aliyekataa kutoa hata fremu moja, na kwa hilo namuunga mkono fundi mkuu. Lakini kopi za mzunguko kama ile yetu, zikishachoka, nyingi ziliyeyushwa ili kutoa madini ya fedha yaliyomo ndani ya utando, bahasha na vyote. Nikifika hapo namfikiria mzee yule, na nashindwa kuamua kama ilipasa anyimwe.